Mkono wa Sandu

Mama aliinua mkono kuelekea televisheni, akausubiri mkono wa Sandu. Haukuja. Picha iliruka, klipu ya pili ikaanza.

Ilikuwa siku ya arobaini tangu kaka yangu Sandu aanguke kutoka ghorofani na kufa, kwenye ujenzi huko Italia. Mezani palikuwa na ngano ya kumkumbuka marehemu, iliyochemshwa kwa asali, mshumaa umechomekwa katikati.

"Mtazame alivyonenepa, mwongo huyu!" Shangazi alicheka huku akifuta machozi. "Eti anashindia mkate mkavu."

Wiki nzima nilikuwa nikipakua video kutoka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, nikizikata na kuzigeuza ili zikubali kwenye deki ya Mama. Zilikuwa nyingi, na diski ilikuwa moja. Nikaondoa mwisho wa kila klipu, pale Sandu alipokuwa haongei tena, ananyoosha tu mkono kuzima simu.

"Hebu rudisha, binti yangu," Mama alisema. "Umeruka pale anaponipa mkono."

"Kweli," Shangazi akadakia. "Kwenye simu yangu mama yako humshika mkono kila mara. Kioo kizima alama za vidole!"

Video kamili nilizifuta kompyuta ilipojaa. Ukurasa niliufuta juzi, nilipoona diski inacheza vizuri, maana watu walikuwa bado wanamtakia heri ya kuzaliwa.

"Rudisha basi, mwanangu."

Nikabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Sandu akaongea, akacheka, akakatika. Nikabonyeza tena.

Mama hakuushusha mkono.