Bolti za Miaka Hamsini

Bolti ya kwanza ilitoka kwa vidole viwili. Mpima ardhi mstaafu alikuwa ameishika tu ili avute pumzi, mita kumi na mbili juu ya mawimbi, nayo ikamfuata mkononi kama jino bovu. Bahati yake kamba ilinasa kwenye bolti ya chini. Alishuka taratibu, akaenda kuiweka juu ya meza ya chama cha wapanda majabali, na siku hiyohiyo jabali likafungwa. Bolti zote mia moja na arobaini za kushikilia kamba mwambani zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari.

Wenzake walimwita Mjusi, kwa jinsi alivyoganda kwenye mwamba. Tangu astaafu, hakuna siku aliyokosa kwenda. Mkewe, fundi cherehani, hakuwahi kukanyaga huko. Mchezo wenyewe aliuita kutafuta kaburi lenye mandhari.

Sasa Mjusi akawa mtu wa nyumbani, na hakuwa mtu wa kukaa bure. Chumba cha mbele, ambamo mkewe alishonea, alikipima chote, kisha akasogeza cherehani sentimita arobaini kuelekea dirishani. Nyuzi akazipanga kwa namba. Mikasi akaichorea alama ukutani, kila mmoja na mahali pake. Wateja walipokuja, yeye ndiye aliyewapokea na utepe shingoni. Aliwapima mara mbili kwa uhakika, akawasomea vipimo kwa sauti. Mama mmoja aliambiwa kiuno kimeongezeka sentimita nne tangu Machi. Hakurudi kuchukua gauni lake.

Wiki ya saba, wakiwa mezani, mkewe aliuliza bila kuinua macho, "Hizo bolti zinauzwa wapi?"

Mjusi alidhani amesikia vibaya. Alimweleza kwamba chama hakikuwa na kitu, wanachama walikuwa kumi na wanane tu, wengi wao wastaafu, na walipanga kuchangishana kidogo kidogo mpaka mwaka wa kesho kutwa. Mkewe aliweka kijiko chini. Akasema mwaka wa kesho kutwa ni mbali mno, kazi hiyo aachiwe yeye.

Kesho yake alifunika cherehani, akavaa viatu vya kutembelea, akaanzia kwa mke wa daktari wa meno, ambaye mumewe naye alikuwa mpandaji. Mjusi alimsindikiza, kwapani ana mchoro wa kueleza jinsi chumvi inavyokula chuma. Hakupata hata nafasi ya kuukunjua. Mwenyeji wao alisikia neno bolti tu, akaingia ndani, akatoka na bahasha nene. Swali lake lilikuwa moja: lini?

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Mke wa dereva wa lori alitoa fedha alizokuwa amewekea jokofu. Mama mkwe wa mwalimu wa muziki, bibi wa miaka themanini asiyejua jabali liko upande gani, alivua bangili yake akaitoa.

Mjusi alirudi nyumbani akiwaza. Miaka thelathini na moja ya ndoa, kumbe mwanamke huyu alikuwa akiishi na hofu ya kumpoteza na hakusema. Kwa shukrani, akaanza kumsaidia na jikoni pia.

Kwenye mkutano wa chama, ambao safari hii wake nao walihudhuria, fundi vyuma alieleza kwamba bolti za chuma cha kawaida zingekaa miaka mitano kando ya bahari, na zile ghali kidogo, kumi na mitano. Zilikuwapo na za titani, metali isiyoliwa na chumvi, za miaka hamsini na zaidi, lakini bei yake haishikiki. Mwenyekiti alipendekeza zile za katikati.

Mkewe Mjusi alisimama.

"Nunueni za titani," alisema. "Kinachopungua tutakitafuta sisi. Hatutaki kusikia limefungwa tena."

Wanawake wote walipiga makofi. Mjusi alitoa leso, akajifanya anafuta miwani.

Walishona mikoba kutokana na mahema chakavu, wakaiuza sokoni. Waliosha magari. Mke wa daktari wa meno alimsimamisha mkurugenzi wa benki mlangoni mwa ofisi yake na hakumpisha mpaka alipoahidi kuchangia. Baada ya miezi minne, bolti ya mwisho ilizamishwa mwambani kwa gundi na jabali likawa tayari.

Siku ya ufunguzi, viti vilipangwa mchangani chini ya mwamba, na wake waliketi safu ya mbele, nyuso zinang'aa. Mjusi ndiye aliyepewa heshima ya kupanda wa kwanza. Alivaa mkanda na kofia ngumu, akafika mpaka kwenye mwamba, akasimama. Kisha akageuka, akawakabili watu.

Akasema amewaza sana miezi hii. Kwamba mtu anayependwa kiasi hiki hana haki ya kuendelea kuning'inia hewani. Akavua kofia.

"Mke wangu, yametosha," alisema. "Kuanzia leo sipandi tena. Siku zangu zote ni zako, pale pale nyumbani."

Daktari wa meno alisimama, machozi yakimlengalenga, akasema hata yeye. Dereva wa lori akafuata, kisha mwalimu wa muziki, kisha wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakatimia wote kumi na wanane.

Safu ya mbele hakuna aliyepiga makofi. Mama mkwe wa mwalimu wa muziki alifumba macho.

Mkewe Mjusi aliinuka. Akamwendea mumewe, akamfungua mkanda kiunoni kwa vidole vya fundi, akajifunga yeye. Akavaa kofia. Kisha akamgeukia mkufunzi aliyealikwa na chama siku hiyo, akamwuliza ni njia ipi ya kupandia kati ya zote inayochukua siku nzima.

Nyuma yake, safu nzima ya mbele ilikuwa inavua viatu.