Sauti ya Baba Imekauka

Sweta ya marehemu ilimbana mdogo wake kwapani, lakini alijikaza akaivuta hadi ikamkaa.

"Lala ugeukie ukutani," mjane alimwambia. "Jifunike shuka hadi shingoni. Akikuita baba, unapunga mkono, basi. Usithubutu kufungua mdomo."

"Shemeji, mimi na kaka tulifanana visogo tu."

"Kisogo ndicho ninachokitaka."

Kicheko kikamtoka mama wa watu, kikakatikia njiani. Tangu mazishi hakuwa amecheka, akajiona kama ameiba kitu.

Si kwamba alipenda uongo, jamani. Binti yake wa pekee alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, nchi nyingine kabisa, na mimba ya miezi saba. Mbili za mwanzo zilitoka. Daktari alimkataza kushuka kitandani, akamwonya mkwe: asishtuliwe, presha ikipanda tena mtoto hatutampata, na mama mwenyewe Mungu ndiye ajuaye. Kwa hiyo baba alipofariki, mama alikimeza kilio. Kila binti alipopiga simu aliambiwa sauti ya baba imekauka, koo linamsumbua, anakusalimia sana. Hadi jana binti akaja juu: kesho alasiri anapiga kwa video kwenye laptop ya baba, na anataka kumwona kwa macho yake. Wasipomwonyesha, basi atajua kuna jambo anafichwa.

Alasiri imefika, na laptop imewagomea. Mama aliiwasha mwenyewe, kioo kikamulika mara moja, kikafa. Cheusi tii. Ilikuwa juu ya kimeza, imeelekezwa kitandani, na hedifoni za marehemu bado zimechomekwa ubavuni kama alivyoziacha. Kuzichomoa mama hakuweza, mkono ulikataa.

Shemeji akashuka kitandani, akaanza kuvibonyeza vitufe ovyo, kwa kiganja kizima, kama anayekanda unga.

"Hebu toa mkono! Utaiua kabisa. Mpigie fundi."

Wakakaa kumngoja. Ndipo mama aliposikia. Sauti nyembamba, ya mbali mno, kama inatoka ndani ya ukuta. *Mama... Mama...*

Tangu wapate mtoto, mumewe hakumwita vingine. Mama, chai. Mama, miwani yangu umeiweka wapi.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nini?"

"Ananiita."

Shemeji alimtazama kwa huruma. "Tangu lini hujalala, wewe? Shemeji, mwambie mtoto ukweli. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Nimwambie ili nizike tena? Akishajifungua salama nitamwambia mwenyewe, hata akinilaani. Kwa sasa niache."

Ile sauti ikaja tena, safari hii na kwikwi ndani yake, kisha ikanyamaza. Mama akaomba kimoyomoyo. Hakuogopa. Kilichomuuma ni kwamba anaitwa na hathubutu kuitika.

Fundi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kibanda cha simu na kompyuta chini ya ghorofa. Leo aliingia ameuacha utani mlangoni.

"Poleni sana, jamani. Mzee alikuwa mtu wa watu. Mazishini nilikuwepo, ila kwa umati ule hamkuniona."

"Tumeshapoa," mama akajibu.

Fundi alianza na chaja. Akaihamisha tundu, akaipima umeme, akaona nzima. Akawa anapekua mkoba kutafuta bisibisi, na huku anauliza, "Kwani mzee aliugua?"

Wote waliokuja kutoa pole waliuliza hivyohivyo, na wote aliwajibu kwa mkato. Leo mdomo ulifunguka wenyewe.

"Hakuugua. Alikuwa amekaa hapo hapo kitandani anavaa soksi. Akasema, mama, nahisi kizunguzungu. Nikamshika. Akaniuliza, binti yetu keshapiga? Nikamwambia bado, atapiga. Akasema, akipiga niamshe." Akakitazama kitanda. "Simu ikaja wakati watu wanamtoa mlangoni. Nikaipokea. Nikamwambia mwanangu, baba yako kalala."

Hapo kilio kikamtoka, kile alichokimeza tangu siku ile, kikamtikisa mwili mzima. Shemeji akamshika mabega, naye machozi yakimdondoka juu ya sweta isiyo yake.

"Lia, mama," fundi alisema kwa upole. "Ukizuia kitakuua. Lia tu, hapa uko na sisi, hakuna mwingine anayekusikia."

Akamwacha alie. Kisha akapitisha kiganja chini ya laptop aigeuze, aifungue skrubu. Akasita.

"Mbona ina joto?"

Akaitegea sikio. Kwa ndani feni ilikuwa ikizunguka taratibu.

"Nani aliyewaambia hii imezima? Hebu fungeni pazia."

Chumba kikaingia giza. Fundi akawasha tochi ya simu yake, akailaza pembeni karibu kabisa na kioo, akachungulia.

"Haijazima hii, mama," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Imewaka muda wote huu. Kilichokufa ni taa ya kioo tu. Picha ipo, ila bila kumulikwa huioni. Njoo... njoo uangalie mwenyewe."

Mama akajifuta macho, akainama. Ndani ya kioo cheusi, hafifu kama kitu kilichozama majini, kilionekana kitanda cha hospitali. Binti yake alikuwa ameketi juu yake, mikono yote miwili imekumbatia tumbo, anamtazama, na midomo yake ikatamka neno lile lile lililotoka hafifu kwenye hedifoni: *Mama*. Macho yake yalikuwa yamevimba, macho ya mtu aliyekwisha kulia kitambo.