Shanga Yenye Alama ya Jino

Shanga moja ilikuwa na alama ya jino.

Yanina Llontop, mtafiti wa mambo ya kale, aliinua mkufu juani ili kila mtu aione. Shanga zote zilikuwa za dhahabu nyembamba, kila moja imetengenezwa kwa mfano wa karanga, na hii moja ilikuwa imebonyea ubavuni, kibonyeo kidogo kama punje ya mchele.

"Mtoto aliyezikwa na mkufu huu alikuwa akiutafuna," alisema. "Miaka zaidi ya elfu imepita, na jino lake bado liko hapa. Jamani, nitazameni. Nani anajua ulitoka shimo gani?"

Hakuna aliyemtazama.

Walikuwa wamekaa uani kwa Bi Ubaldina, mama yake wa ubatizo, vibuyu vya pombe ya mahindi vikipita mkono kwa mkono. Bi Ubaldina ndiye aliyewaita wazee wote waliowahi kuchimba Kilima cha Tordilla, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Ndiye pia aliyemweka Yanina kola sawa kabla hawajafika, huku akimtania: "Siku hizi safi! Ulipokuwa mchanga, kola zako zilimaliza malimau yangu yote, na bado hazikutakata."

Zamani, kila Ijumaa Kuu, kijiji kizima kilipanda kilimani na sepetu, vyuma vya kudunga udongo na chakula cha mchana. Siku hiyo, walisema, kilima hulegea na wafu huachia mali yao.

Sasa kilima kilikuwa mashimo matupu. Katika shimo mojawapo Yanina alikuta mifupa ya mtoto mdogo, imetupwa pembeni kama maganda. Mkufu wenyewe ulikamatwa ng'ambo kwa mnunuzi mmoja, ukarudishwa nchini bila mtu kujua ulikotoka. Angepatikana shahidi mmoja tu wa kusema ulitoka katika shimo lile, mtoto angerudishiwa kilicho chake, na wote wawili wangewekwa pamoja hapa hapa kijijini. Asipopatikana, mkufu ungepelekwa mji mkuu, Lima, kukaa kwenye droo, na mtoto angebaki mifupa ndani ya boksi.

"Na huyo mwizi," Yanina aliendelea, "aliupaka rangi ya mafuta! Ya kijani, kama anapaka mlango! Mafundi wa makumbusho wamepata kazi kuibandua. Hivi huyo mtu hakuwa na haya?"

Mzee Evaristo akapaliwa na pombe.

"Taratibu, daktari," alisema akijifuta kidevu. "Nani hapa hakukila kile kilima? Bati la nyumba yangu ni kilima. Haya meno yangu ya bandia ni kilima. Nikitabasamu, ni makaburi yanatabasamu."

Wawili watatu wakacheka. Yanina hakucheka.

"Mimi sikukila," alijibu. "Chuo nililipiwa na fahali wa mama yangu, Mungu amrehemu."

Evaristo alifungua mdomo. Bi Ubaldina akamkanyaga mguu waziwazi, naye mzee akaufunga.

Yanina aliwaona wamekodolea macho chini, akawaonea aibu. Si aibu mpya. Miaka yote ya chuo kule Trujillo aliwaambia wenzake kwamba kwao ni Chiclayo mjini, maana walimu walilitaja jina la kijiji hiki kama wanataja ugonjwa. Halafu akamtazama Evaristo, mzee aliyekuwa akimbeba begani kumpeleka sokoni, na aibu ikageuka ikamrudia yeye.

"Nisameheni," alisema. "Sikuja kumfunga mtu. Nimekuja kwa ajili ya mtoto tu."

Waliondoka mmoja mmoja, wakimgusa bega kama watu wanaotoka msibani. Evaristo alisimama penye mlango wa kijani uliobabuka.

"Mwambie habari ya huyo fahali, Ubaldina," alisema. "Mama yake ameshafariki. Unamwekea nani siri?"

Walipobaki wawili, Bi Ubaldina aliukokota mguu hadi kwenye benchi, akaketi karibu naye.

"Lile shimo la chini ya mgunga," alisema. "Ndilo lenye mtoto?"

"Ndilo, mama."

"Basi andika. Alichimba marehemu mume wangu, baba yako wa ubatizo. Mkufu ulikuwa shingoni mwa huyo mtoto. Nilikuwepo, nilishika kikapu. Nitasema hivyo mbele ya yeyote unayemtaka."

Yanina alimkumbatia mpaka kilemba cha bibi kikaenda upande. Mtoto wa Tordilla alikuwa amepata mkufu wake. Aliandika haraka, herufi zikimruka.

"Na rangi ya kijani?"

"Rangi ni yangu. Ilibaki tulipopaka mlango. Tuliogopa watu wangeiona dhahabu."

"Wangeiona wapi? Si mliuficha?"

Bi Ubaldina aliuchukua mkufu, akazipitisha shanga vidoleni moja moja mpaka alipoifikia ile iliyobonyea. Akaishikilia hapo.

"Hapa pa jino umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba mtoto huyo alikuwa akiutafuna."

"Hilo lifute, mwanangu," alisema Bi Ubaldina, akimnyooshea kola. "Ulikuwa unaota meno."