Matembezi ya Asubuhi

Asubuhi hiyo Saumu aliamua kumfuata. Alijitanda kanga, akanyata nyuma ya mumewe kutoka kwao Ujiji mpaka Kasingirima, na alichokiona kikamkata maini. Hamdani kaingia uani kwa Leonia, yule binti mkimbizi, kafungua leso, kamtilia kitu kiganjani. Na Leonia, astaghafirullah, kapiga goti, kakipokea kwa mikono miwili!

Saumu alirudi analia njia nzima.

Jamani, Saumu alikuwa amemwuguza mume huyo! Mwaka ule Warundi walipovuka kwa wingi, Hamdani, fundi wa injini za boti, alianguka mwaloni, boti zinapotia nanga, kifua kimembana. Saumu ndiye aliyempeleka Dar. Daktari akapitisha waya, akazibua mshipa wa moyo, akaacha humo kijispringi cha kuutanua. Akaagiza vidonge kila siku, chumvi kidogo, na matembezi asubuhi.

Saumu alishika yote. Mboga isiyo na chumvi walikula wote wawili. Kidonge alikiweka kwenye kisosi kando ya chai, na kisosi kilirudi kitupu. Alichotaka ni mumewe aishi, basi.

Hamdani alimtania tu. "Mama, mpira wa mafuta ukishazibuliwa, injini inakwenda. Unaogopa nini?"

Asubuhi ile Hamdani aliporudi kutoka Kasingirima, Saumu alimsubiri mlangoni.

"Umetoka wapi?"

"Kutembea. Si daktari alisema?"

"Alisema utembee mpaka kwa Leonia?"

Hamdani akavua kofia, akaitazama. "Saumu, mengine ukiyasema yanapoteza thawabu."

Thawabu! Mwanamume hana haya! Saumu akanuna. Chai aliandaa, kidonge aliweka, neno hakutoa. Usiku aligeukia ukutani, akijiuliza kama amemwuguza mtu ili aje kufaidiwa na mwingine. Iliuma, iliuma kweli.

Ijumaa Hamdani alianguka tena palepale mwaloni, bisibisi mkononi. Safari hii hakufika hata hospitali.

Siku ya pili ya msiba Leonia akaingia walimokaa wanawake. Saumu akainuka mkekani, macho yamemvimba.

"Wewe! Hata hapa umenifuata? Toka!"

Wanawake wakamshika. Leonia akapiga goti pale pale mlangoni.

"Ihangane, mama. Pole sana. Nimekuja na baba yangu, yuko pale nje, hawezi kusimama sana. Moyo wake umeziba, na sisi Dar hatuwezi kufika. Mzee Hamdani alikuwa akimletea kidonge kila asubuhi. Alisema wake umeshazibuliwa, dawa ni ya ambao bado."

Saumu akaketi tena mkekani.

Leonia akainamisha kichwa.

"Tunaona aibu kuuliza, mama. Vimebaki vingine?"