Ufunguo Wangu

Mikono yangu ilikuwa imejaa povu na masizi ya sufuria, kwa hiyo mama alinivisha ufunguo shingoni kwa kamba, kama anayefunga mbuzi.

Nilikuwa nimeuomba mwaka mzima. Nilichoka kupiga hodi kwetu kama mgeni, na kuulizwa kila nikitoka, "Utarudi saa ngapi?"

Fundi alikuwa ameuchonga asubuhi ile. Meno mapya ya ufunguo yalinikwaruza kifuani.

"Asante, mama. Kwa hiyo Jumamosi naweza kwenda kwa rafiki yangu?"

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua kiatu kimoja, akaukanda mguu, kisha akakivaa tena.

"Mwanangu, maadamu sasa una ufunguo, nimeikubali zamu ya usiku kiwandani. Naanza leo. Ukimaliza vyombo, waogeshe wadogo zako, uwalishe, uwalaze."

"Na Jumamosi?"

"Na Jumamosi pia."

Kitinda mimba wetu alikuwa ameshaanza kunivuta gauni, analia njaa. Mama alichukua mkoba wake, akafika mlangoni.

"Mama," nikamwita. "Utarudi saa ngapi?"