Dume Apimwe Kwanza

Jirani aliapa kwa Mungu kwamba amemwona mume wa Mwanapili akiingia maabara ya mifugo, amembeba mbwa kifuani kama mwana mchanga. "Mchu mzima, mwanamume na ndevu zake, shoga! Kwenda kupima mbegu za mbwa!"

Mwanapili alingoja. Mume aliporudi, mke alimmiminia maji mikononi mara saba, ya kwanza kwa mchanga, kuondoa najisi.

"Majike watatu wamepandwa, hakuna aliyeshika mimba," alisema mume, mtunzaji wa mbwa wa ulinzi bandarini. "Tajiri wangu akataka dume apimwe kwanza. Na kweli, hadubini imeonyesha mbegu zote zimekufa."

"Kumbe! Na majike?"

"Majike wana kosa gani?"

Mwanapili alimtazama kama mtu atazamavyo samaki aliyevunda. Madaktari wawili walishampima yeye wakamkuta mzima, lakini sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Kesho angerudishwa kwao kisiwani Chovai kwa boti, ameachwa, eti tasa.

Mume alikuwa akitoa chembe za mchanga kuchani kwa kijiti, moja moja.

"Bwana," alisema Mwanapili, "kabla hujaniandikia talaka, nawe pita hospitali ukapimwe. Mbwa hakufa kwa kupimwa."

"Taulo iko wapi?" aliuliza mume.