Lori Lililomuua Nyanchera

Spana nzito ilipita kando ya sikio la Bravin, ikagonga mgomba uliokuwa nyuma yake na kudidimia humo.

"Rudia," Tryphosa alisema. Tayari alikuwa ameokota nyingine. "Rudia hayo uliyosema."

Bravin, mdogo wa mume wake, alirudi nyuma akiinua mikono. "Shemeji, nimesema tu bomba la breki likikwaruzwa kidogo, nani atajua? Mkaguzi anakuja kesho. Akikuta limetoboka, Duncan anarudi nyumbani. Si hicho tunachotaka sote?"

"Ukigusa breki za lori hili nitakuvunja huo mkono. Toka hapa!"

Bravin akatoka mbio. Pale Gesima hakuna aliyeshangaa. Tryphosa alikuwa na hasira tangu mwaka juzi, siku lori la chai alilokuwa akiendesha mumewe, Duncan Anyona, lilipoteremka mlima kwa kasi, likamgonga Nyanchera, mdogo wake Tryphosa wa kuzaliwa tumbo moja, kisha likabingirika hadi bondeni. Nyanchera alifia papo hapo. Duncan aliruka kabla lori halijapinduka, akaumia goti.

"Breki zilikataa," Duncan aliwaambia polisi, akarudia mahakamani. Machogu, mwenye lori, aliapa kwamba alikuwa amezitengeneza wiki ile ile. Mkaguzi wa magari wa polisi alizifunga kwa waya na muhuri wa madini ya risasi ili zisiguswe, lakini akasema hawezi kuzipima. Breki hizo hupata nguvu kutokana na upepo wa injini, na injini ilikuwa imepasuka. Kesi ikakwama. Duncan akabaki rumande.

Ndipo Tryphosa alipokwenda kwa Machogu kuomba yale mabaki.

"Nitalisimamisha mpaka litembee," alimwambia. "Halafu tutaona mwongo ni nani."

"Lichukue," Machogu akajibu kwa ukali. "Breki zangu zilikuwa nzima."

Kazi aliijua. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemshikia Duncan taa na spana akifufua malori makuukuu ya watu. Alichokosa ni vifaa, kwa maana Duncan alikuwa akiazima. Gereji za Kiogoro zilimkatalia, zikasema hazitaki kuitwa mahakamani. Basi akaanza kukusanya vyake. Jiliwa la kubania vyuma alilitoa Birongo kwa mjane wa mhunzi, likiwa limeganda kutu hata halifunguki. Alipata jeki mbili zinazovuja mafuta na nyundo isiyo na mpini. Kwenye gereji iliyofungwa alikuta mnyororo wa kuinulia injini umelala chini ya viroba vya makaa.

"Mama, huo ni chuma chakavu tu," mwenye gereji akamcheka.

"Nimekuuliza?"

Aliulowesha mnyororo kwenye mafuta ya taa wiki nzima, akausugua pete moja moja hadi viganja vikachubuka. Injini aliipata kwenye lori jingine lililoota majani. Aliifungua yote, akaisafisha, akaifunga upya. Ilipogoma kuwaka mara ya kwanza, aliipiga teke, akatukana kwa Kigusii hadi majirani wakaingiza watoto ndani. Siku ya Sabato tu ndipo nyundo iliponyamaza.

Mama mkwe alimletea ugali na mboga za chinsaga kila adhuhuri, akasimama akimtazama huku machozi yakimlengalenga.

"Mungu akubariki, mwanangu," alimwambia. "Mwanamke mwingine angemchukia Duncan. Aliyekufa ni damu yako, na bado unampigania mume."

Tryphosa aliinama tena kwenye injini. Alipiga nyundo kwa nguvu zaidi.

Rumande hakwenda hata mara moja. "Nina lori," alisema kila walipomuuliza. Na baada ya maneno ya Bravin, alibeba godoro akalala ndani ya lori, ili asisogee mtu.

Asubuhi mkaguzi alifika. Alikagua waya na muhuri, akaandika kwamba havikuguswa. Alipakia mawe nyuma yatoshe uzito wa chai, akapanda mwenyewe kwenye usukani. Injini ikawaka mara moja. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga kando ya barabara, Machogu akiwa upande mmoja, ukoo wa Anyona upande wa pili. Mama mkwe alikuwa amefumba macho akiomba.

Lori likateremka kwa kasi. Lilipofika pale alipoangukia Nyanchera, mkaguzi akakanyaga breki.

Matairi yakalia. Lori likasimama tuli.

Akapanda nalo tena juu, akateremka. Likasimama. Mara ya tatu likasimama mahali pale pale, mpaka alama za matairi zikalaliana.

"Breki ni nzima," alitangaza akishuka. "Bomba zima, mafuta yapo. Hizi hazikukataa."

"Bobe! Bobe!" Mama mkwe alilia kwa uchungu, akaketi majanini.

Bravin alimwendea Tryphosa kwa ghadhabu. "Umeona? Nilikuambia! Umemmaliza ndugu yangu kwa mikono yako mwenyewe!"

Tryphosa aliokota spana, na Bravin akageuka na kwenda zake.

Mkaguzi alisubiri watu waanze kutawanyika, kisha akamsogelea na kushusha sauti. "Pole sana, mama. Miaka miwili ya kazi. Najua ulitaka kumtoa mumeo."

Tryphosa alijipangusa grisi kwenye sketi, kidole kimoja kimoja.

"Fungua daftari lako, afande, uandike vizuri," alisema. "Asubuhi ile aliyogongwa, mdogo wangu alikuwa njiani kuja kituoni kwenu kumshtaki Duncan, na Duncan alijua."